Laini Isiyopumua

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya pili mpelekee Baba. Mimi mzima, nakula, nalala, na mwili haujapungua, kwa hiyo acha kuniulizia uzito kana kwamba mimi ni gunia. Nyinyi je? Masikio yako bado yamegoma, au lile la kulia limerudi kazini?

Utanisamehe barua nimeipiga chapa. Huku kalamu mtu anaishika siku ya kusaini mkataba tu.

Kazi nimeanza. Tunatengeneza programu ya kuchati, watu wanaandikiana kwa maandishi matupu, hakuna sauti. Wewe uliyeisusa simu tangu masikio yakuache, hii ndiyo yako. Kazi yangu mimi ni kupima neno linachukua muda gani kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwenzake. Tunapima hivi: programu yangu inatuma kineno kidogo, nimekipa jina la hodi. Programu ya upande wa pili inajibu karibu, yenyewe, hata kama mwenye simu yuko jikoni mikono imejaa unga. Muda kati ya hodi na karibu ndio kipimo chetu, na tunauhesabu kwa sehemu za elfu za sekunde. Isipojibiwa inarudia mara tatu, kisha inakata tamaa na kwenda zake, kama ulivyonifundisha nikiwa mdogo.

Walio mji mmoja wanapata kumi, kumi na tano. Mimi na wewe, kwa bahari zote hizi zilizo katikati, tutapata kama mia tatu.

Mkuu wangu anataka kila mfanyakazi alete ndugu wa kusaidia majaribio. Nimekuandikisha wewe, na rafiki yangu Mrefu ambaye tunakaa naye jengo moja. Msusi wa jirani akuwekee programu. Ukishaingia, gusa jina langu, gusa hodi, namba itatokea. Iandike kwenye daftari kila siku.

Barua zako ziendelee kuja kwa anwani ya Mrefu. Yeye ndiye mwenye sanduku la posta.

Mwanao,
Mshale


2 Machi

Mwanangu Mshale,

Marahaba. Ya baba yako nimeifikisha, ameijibu kwa kikohozi kwanza na kwa mdomo baadaye. Sisi tupo. Sikio la kulia linasikia kama mtu amesimama ndani yake, la kushoto nimeshalizika.

Barua yako imetumia siku kumi na tisa. Kwa mwendo huo hodi yako ingenifikia ukiwa umestaafu.

Habari kubwa ya nyumbani ni saa. Baba yako ametundika saa ya pili pale kwenye chumba chake cha ufundi, juu ya mlango, kando ya ile ya zamani. Ameitegesha mbele kwa masaa manne, saa za huko uliko. Tukinywa chai saa mbili asubuhi ananyanyua kidole na kusema, "Mshale sasa anakwenda kula chakula cha mchana." Mteja akija kuchukua saa yake, anaonyeshwa kwanza hiyo ya kwako. Anaipandia stuli kila Jumapili kuitia ufunguo, na mimi namshikilia miguu huku namtukana.

Msusi anakusalimu. Dada yake anauza mkate upande wa pili wa mji, kule kwenye maghala, naye amesimulia kwamba kuna mteja wake haonekani bila helmeti kichwani. Ananunua mkate na helmeti, anahesabu chenji na helmeti, na pikipiki hana! Tumecheka mpaka nikashika mbavu.

Hodi yako nimepiga. Mia tatu na kumi na moja. Unanifundisha kazi yangu, kijana. Miaka thelathini na moja nilikaa kwenye ubao wa simu, na kabla mtu hajataja yuko wapi nilikuwa nimeshamjua. Nilisema halo, nikasikiliza ule ukimya kabla hajaitika. Wa mjini hana ukimya. Wa mbali anao, na kila mahali pana wake.

Sasa sikiliza. Kifua cha baba yako sikipendi. Anatoka chumbani hadi kwenye benchi lake la kazi, anakaa njiani mara mbili. Nampeleka kwa daktari. Anauliza likizo yako ni lini. Jibu hilo, mengine yanaweza kusubiri.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mnakula na kutukanana kama kawaida. Mimi mzima.

Namba yako ni nzuri sana, ndiyo hasa niliyoitarajia. Endelea kuandika.

Hujaniuliza chumba cha kazi kikoje, ila nitakwambia. Ni chumba kirefu, chembamba. Dirisha moja limepakwa rangi nyeupe kwa ndani, nadhani aliyepaka alikuwa anazuia jua. Ukutani kuna maboksi ya printa mbovu mpaka juu, na mtu akifunga mlango kwa nguvu boksi moja la juu linasogea kidogo, kwa hiyo tumezoea kufunga taratibu. Nimeshajua sauti ya kila gari linalopita nje bila kuliona. Sitoki sana. Ukikaa siku nyingi ndani unaanza kujua saa kwa miguu ya watu inayopita chini ya mlango.

Likizo ni jambo la mkataba, na mkataba ni mgumu. Nitauliza.

Mwambie Baba ile saa aishushe. Kupanda stuli na kifua hicho si jambo la kuchekea. Hata mimi mwenyewe simu yangu inanitosha kujua saa, hakuna haja ya yeye kunihesabia huko. Tafadhali, Shangazi, aishushe.

Mwanao,
Mshale


11 Aprili

Mshale,

Marahaba. Mimi mzima isipokuwa sikio la kulia nalo limefunga duka. Siku hizi namsoma baba yako midomo, na akitaka kunisema vibaya anageukia ukuta. Yeye ndiye anayewaitikia watu hodi kutoka kitandani, lakini kuinuka hawezi, na mimi sisikii, basi wageni wanakaribishwa halafu wanasimama nje kama vigingi.

Ndiyo, kitandani. Daktari amesema kuna mlango ndani ya moyo wake haufungi sawasawa. Wanataka kumpasua kabla Mei haijaisha, na wamesema wazi kwamba baada ya hapo hawaahidi kitu. Fomu imeletwa. Amekataa kutia sahihi. Nimemwomba, nimelia, nimemnunia siku mbili nzima. Anasema atatia sahihi Mshale akiwa amekaa kwenye ile stuli. Anasema hataki kulazwa na kufumbwa macho kabla hajakuona. Saa hakuishusha. Msusi ndiye anayeipandia stuli sasa.

Kwa hiyo hali ndiyo hiyo. Usipokuja hatatia sahihi, na asipotia sahihi tutamzika.

Sasa kazi yako. Nimeandika kila siku kama ulivyoniagiza, na kila siku nimemsomea baba yako, maana anapenda kusikia namba zako kuliko habari za redio. Wewe: 309, 311, 310, 311, 312, 310, 311, na kurasa mbili zilizobaki ni hivyo hivyo. Msusi akanionyesha kwamba naweza kumpigia hodi mtu yeyote wa kundi letu la majaribio. Nikampigia Mrefu. Yeye: 284, 397, 301, 455, 290. Mnakaa jengo moja, umesema.

Mimi nakumbuka laini za mbali. Zinapumua. Leo ukimya ni mrefu, kesho umepungua, mara upepo, mara mvua, mara watu wengi wamepiga kwa pamoja. Yako haipumui.

Jambo jingine. Jumanne umeme ulikatika mji mzima saa nane kasoro dakika tano. Simu yangu ilikuwa na chaji, nikakupigia hodi. Kimya, mara tatu. Mrefu akaitika. Umeme ulirudi saa tisa na robo, na wewe ukarudi saa tisa na robo.

Sikuulizi kitu. Nakuandikia namba tu, kama ulivyotaka. Ila nimeona hata jina lako chini ya barua unalipiga chapa, na wewe ulikuwa mtoto wa kuandika jina lako mpaka kwenye ukuta wa choo.

Shangazi yako


29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Poleni sana. Mimi mzima.

Namba zisizoyumba ni dalili ya mtandao mzuri, si ajabu. Mrefu simu yake ni ya zamani. Umeme hata huku hukatika, ni bahati tu zimeangukia pamoja.

Mwambie Baba atie sahihi. Mwambie mimi ndiye niliyesema. Mwambie nimekasirika, kama itasaidia. Nitajaribu kuja mwezi wa nane, mkataba ukiruhusu.

Kwa sasa usinipigie hodi, tunafanya marekebisho kwenye programu.

Mshale


13 Mei

Mshale,

Angalia bahasha. Haina stempu. Imesafiri ndani ya kapu la mkate, na kama dada yake msusi hakusimama njiani kupiga soga, imetumia dakika arobaini.

Nilimwuliza dada huyo, yule mteja wake wa helmeti anakaa wapi. Akasema nyuma ya duka la kutengeneza printa, kwenye ghala lenye dirisha lililopakwa chokaa. Nikamwuliza anatembeaje. Akasimama katikati ya saluni akaniigizia: bega moja chini, hatua za haraka haraka, kama mtu anayekimbia mvua. Nilikufundisha mimi kutembea, Mshale. Nilikaa kwenye kiti cha kukaushia nywele, nikalia mbele ya wateja wa watu.

Nimekasirika. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Karibu miezi mitatu namsomea kaka yangu barua za uongo kwa sauti, tena naweka na madoido, na wewe uko mji huu huu unakula mkate wa kapu moja na sisi. Nilipomaliza kukasirika nikafikiria lile dirisha lako lililopakwa rangi. Nikafikiria ulivyo mtoto wetu wa kutotulia, hata jina la Mshale baba yako alikupa kwa sababu ya mshale wa sekunde, na sasa umejifungia kwenye boksi. Hapo hasira ikaniishia, nikabaki na uchungu tu.

Baba yako sijamwambia neno. Lakini jana asubuhi amemwambia msusi amteremshie saa ya pili. Ameiweka kifuani, akafungua mgongo kwa kile kibisibisi chake kidogo. Nikadhani anaitia mafuta. Akarudisha mishale nyuma, masaa manne, taratibu, akaifunga, akasema itundikwe tena pale pale. Nikamwuliza, "Kwa nini?" Akanigeukia vizuri nimsome midomo. Akasema, "Ilikuwa inakwenda mbele bila sababu." Kisha akasema, "Zile namba ulizokuwa unanisomea, hakuna chombo kinachotoa hivyo kila siku. Mtu amezitegesha kwa mkono."

Sasa saa zote mbili zinasema saa moja.

Kitanda cha hospitali wamemwekea mpaka tarehe kumi na sita. Baada ya hapo anapewa mwingine. Fomu iko chini ya mto wake, na kalamu.

Shangazi yako


14 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Huu ni mwandiko wangu, usiucheke, umeota kutu. Mwenye mkate ananisubiri nje, ananiangalia kama sinema.

Sikufika. Uwanja wa kwanza tuliposhuka kubadilisha ndege waliniomba barua ya kazi, wakapiga ile namba iliyoandikwa juu. Wakapokewa na duka la magodoro. Kampuni haikuwepo, haijawahi kuwepo. Walinikalisha siku mbili kwenye chumba chenye viti vilivyofungiwa sakafuni, kisha wakanirudisha. Nilifika mjini hapa siku ya tatu na sanduku lile lile, sweta ulilonifumia likiwa bado lina harufu ya sabuni ya nyumbani.

Nikamwomba fundi wa printa anihifadhi siku mbili nipange maneno ya kumwambia Baba. Maneno hayakupangika. Kazi ya programu ni ya kweli, nimeipata nikiwa humu humu, kwa watu wa mbali ambao hawaijui hata sura yangu. Nikaandika ile barua ya kwanza ili mtulie kidogo mpaka nipate ujasiri. Naandika, namtumia kwenye simu Mrefu, ambaye yeye yuko huko kweli, anachapa na kuzitia posta. Za kwako anazipiga picha. Halafu ikaja barua yako ya saa. Nilipoisoma nilikaa chini, kwenye sakafu, na tangu siku ile ni kama sijainuka.

Kuhusu zile namba. Kwenye programu yetu kuna sehemu ya majaribio ambapo unaweza kumchelewesha mtu kwa makusudi, kuona watumiaji wa mbali wanapata nini. Niliandika mia tatu kwenye jina lako. Kumi na moja zilizobaki ndizo za kweli. Kazi yangu yote ni kupima namba zinavyoyumba, na nilisahau kuyumbisha ya uongo wangu mwenyewe. Mwingine yeyote angedanganyika, ila nilikuwa nawadanganya opereta na fundi saa.

Siwezi kuja, Shangazi. Mtaa mzima ulitoka kuniaga. Baba alivaa koti. Nimeshika kitasa cha mlango huu asubuhi tatu mfululizo, na nikiwaza ile kona ya kwetu na watu waliokaa pale, mkono unakataa. Nadhani hata nikifika nitakachomletea ni aibu, na moyo wenyewe hauna mlango mzuri. Mwambie wewe. Mwambie atie sahihi kwa ajili ya mtu mwingine yeyote, si mimi.

Mwanao,
Mshale


15 Mei

Mshale,

Marahaba. Nimeisoma. Kitanda ni mpaka kesho saa nne asubuhi.

Sina cha kumwambia ambacho hajakijua. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa kwenye stuli.

Njoo na helmeti yako ukitaka.

Shangazi


16 Mei, saa mbili asubuhi, mlangoni

Shangazi,

Nimepiga hodi mara tatu. Sikujibiwa, nikaanza kuondoka, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyonifundisha. Nimefika mpaka saluni ndipo nikakumbuka kwamba husikii. Nikakupigia hodi kwenye programu: karibu imerudi kwa kumi na moja, lakini programu inaitika yenyewe, haifungui mlango.

Nimerudi. Nimepiga tena, kwa nguvu, na Baba ameitikia kutoka ndani. Nimemsikia vizuri. Amesema karibu, halafu ameniita kwa jina, na nilikuwa sijajitaja.

Yeye hawezi kuinuka, wewe husikii, na mimi nimekaa kizingitini helmeti iko mapajani, kona nzima inaniangalia. Nakusukumia karatasi hii chini ya mlango. Ukiiona, fungua.